Miwani naipenda, lakini baiskeli ndizo zilizonipata

Wiki hii mmeuliza ni msanii gani aliyejifunza mwenyewe ambaye ametufanya tuutazame mji wetu kwa jicho jingine. Mimi namtaja Cyrus Kabiru wa Nairobi.

Wengi wanamjua kwa miwani yake, C-Stunners: waya, vizibo vya chupa, skrubu na mabaki ya vifaa vya umeme vilivyounganishwa hadi vikawa pambo la uso mzima. Kisa chake amekisimulia mwenyewe. Alizaliwa 1984, na utotoni alitamani miwani. Baba yake akakataa kumnunulia, akamwambia kama anaitaka basi ajitengenezee. Akajitengenezea, na chuo cha sanaa hakukanyaga. Malighafi haikuwa mbali, kwani anasema alikulia mkabala na mahali taka za jiji zilipomwagwa. Anayelijua jaa la Dandora hahitaji maelezo zaidi: lilifunguliwa 1975, likatangazwa kuwa limejaa 2001, na malori bado yakaendelea kumwaga.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu kwamba "anasafisha mji." Jamani, miwani mia haijazi hata mkokoteni mmoja. Anayesafisha Nairobi ni yule mama mwenye gunia mgongoni anayeokota chupa tangu alfajiri, na hakuna anayempiga picha. Kumvika Kabiru sifa hiyo ni kumpokonya mama yule ya kwake.

Kazi ya Kabiru naiona kwenye baiskeli zake. Ana sanamu alizoziunda kwa vipande vya Black Mamba, ile baiskeli nzito isiyo na gia, yenye breki za vyuma, iliyobeba maziwa, magunia ya makaa na wagonjwa. Boda boda za kwanza zilikuwa baiskeli za namna hiyo, zikivusha watu mpakani Busia. Kisha pikipiki ndogo zikapunguziwa kodi mwaka 2008, na baiskeli zikaanza kutoweka barabarani kimyakimya. Sisi tuliona maendeleo tu. Pikipiki zilileta moshi na kelele, na chombo kilichokuwa kikienda kwa nguvu za miguu tukakitia kwenye fungu la takataka.

Nasema sisi kwa sababu nami nimo. Black Mamba ya marehemu baba ilikaa nyuma ya nyumba miaka mingi, na mimi ndiye niliyeiuza kwa kilo, pamoja na mabati yenye kutu. Pesa zenyewe zilikwisha jioni ileile. Nilipoziona picha za sanamu zile, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta kengele yetu, kana kwamba jiji zima lina kengele moja.

Hadi leo nikipita kwa mnunuzi wa vyuma chakavu huchungulia kilichopo kwenye mizani. Mke wangu hunivuta mkono, tunachelewa matatu.