Jibu: Msichana aokote kitu gani cha marufuku?

Dada, umeuliza msichana wa miaka 15 katika hadithi yako ya kubuni ya kisayansi aokote kitu gani kilichokatazwa hapo Mji wa Kale, Mombasa, kisionekane cha kubandikwa. Mimi ningekitoa baharini. Mbele ya Ngome ya Yesu ilizama merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, mwaka 1697, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Wapiga mbizi walianza kuichimbua 1977, na baadhi ya vitu vyake vimo makumbushoni mle ngomeni. Kujichukulia vitu vya kale kama hivyo ni kosa kisheria, kwa hivyo marufuku unayo tayari. Huna haja ya kubuni serikali katili ya mwaka 2300 ya kukikataza (hizo tumezichoka).

Mpeleke ufuoni siku ya bamvua, maji yamekupwa, matope hadi vifundoni, adhani ameokota kigae tu. Kumbe kina joto. Akifika nacho nyumbani mfukoni mwa sare, saa ya ukutani irudi nyuma dakika 4. Usieleze kwa nini! Nyanya yake akione, akitambue, kisha aendelee kukuna nazi kimya.

Ila jini usimlete. Akiingia jini, sayansi imekwisha hapo hapo.