Maswali ya Wasomaji: Mashine Ifuate Mkono Wako

SWALI: Nimezoea kuchanganya taratibu. Nyimbo mbili hukaa pamoja dakika nzima au zaidi kabla sijautoa wa kwanza. Sasa nataka kununua kontrola yangu (mashine ya dijei ya kuchanganyia nyimbo), lakini wenzangu wanasema mtindo huu umepitwa, nichukue yenye chaneli 4 (njia za kuingizia nyimbo), padi nyingi (vitufe vya kugonga) na efekti. Nichague ipi?
– Dijei chipukizi

JIBU: Usiache mtindo wako kwa ajili ya mashine. Padi zinamfaa zaidi anayekata nyimbo haraka haraka. Wewe kazi yako iko kwenye slaida ya kasi, nobu za ikwalaiza (za kupunguza na kuongeza besi na sauti nyingine) na feda za wima (vitelezi vya ukubwa wa sauti), basi hizo ndizo za kukagua kabla hujatoa pesa. Nenda na nyimbo zako mwenyewe, zile unazozijua mpaka zinapopumua.

Slaida ndiyo ya kwanza. Kontrola nyingi ndogo zina slaida fupi. Chukua mfano wa yenye sentimita 6, imewekwa ibadili kasi kwa asilimia 8 juu na chini: kila milimita ni karibu asilimia 0.27, kwa hiyo wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unasogea pigo 0.32. Slaida ya sentimita 10 inausogeza 0.19 tu. Ni kidogo? Nyimbo mbili zikipishana kwa pigo 0.1 kwa dakika, dakika moja baadaye zimeachana sekunde 0.05, na ngoma zinasikika mbili mbili kama kwato za farasi. Anayekata baada ya sekunde 16 halimfikii hilo. Wewe litakufikia kila siku. Ukilazimika kuchukua slaida fupi, punguza upana wake kwenye mipangilio hadi asilimia 6, utapata usahihi zaidi.

Ila upana mdogo una gharama yake. Kuupandisha wimbo wa mapigo 96 uufikie wa 104 kunahitaji asilimia 8.33, hata ile asilimia 8 haifiki. Zikutanishe kwenye 100: mmoja unapanda asilimia 4.2, mwingine unashuka 3.8, na sauti za waimbaji haziharibiki sana.

Kisha ikwalaiza. Zungusha nobu ya besi hadi mwisho kushoto, usikilize kwenye hedifoni: besi imekatika kabisa, au bado inanguruma chini? Nyingine hupunguza tu. Kwa anayekawiza nyimbo pamoja, hiyo ni kasoro kubwa, kwani besi mbili zikipandana sauti inajaa tope na taa nyekundu zinawaka. Ingiza wimbo mpya bila besi, halafu badilishana besi mapigo 32 yanapoanza upya, kwa mikono miwili na kwa wakati mmoja. Jaribu hapo hapo kama nobu zimeachana vya kutosha vidole visigongane.

Tafuta pia tundu la kutolea sauti ya spika ya kibandani, lenye nobu yake. Spika za ukumbini zikiwa mita 10 kutoka ulipo, sauti inakufikia imechelewa karibu sekunde 0.03, na ukizilinganisha nyimbo kwa sauti hiyo utapotoka. Chaneli 2 zinakutosha. Chukua 4 ikiwa tayari unaingiza wimbo wa tatu.

SWALI: Nikibonyeza sinki, kitufe kinacholinganisha kasi za nyimbo chenyewe, bado ni dijei?
– Msomaji mwenye mashaka

JIBU: Ndiyo, mradi masikio yako ndiyo yanayoamua. Sinki hufuata gridi ya mapigo iliyochorwa na programu, na gridi hiyo hukosea zaidi kwenye muziki wa bendi, ambapo mpiga ngoma huongeza kasi kidogo kiitikio kinapoingia. Kagua mstari wa gridi mwanzoni, katikati na mwishoni mwa wimbo. Ukiwa umeteleza, zima sinki kwa wimbo huo na uushike kwa mkono. Anayetegemea sinki peke yake hukwama hapo mbele za watu, kwa sababu mkono haujazoea kusukuma.

SWALI: Nimeunganisha mashine ya santuri kwenye miksa. Sauti ni ndogo, nyembamba, tena ina mvumo.
– Mpenzi wa santuri

JIBU: Umechomeka kwenye LINE, tundu la vifaa vyenye sauti iliyokwisha kukuzwa. Sindano hutoa umeme mdogo sana na besi iliyopunguzwa makusudi; tundu la PHONO ndilo linalokuza sauti na kuirudisha besi. Hamisha waya, na uangalie swichi ya chaneli isome PHONO. Kama mashine yako ina kikuzaji ndani, chagua kimoja tu, maana vikifanya kazi vyote viwili sauti itapasuka. Mvumo mara nyingi ni ule waya mwembamba wa ardhi: ufunge kwenye skrubu nyuma ya miksa.