Je, nadhiri ya kupanda Kedarnath kwa miguu inavunjika mama akibebwa?

Swali: Panditji, namaste kwa heshima. Tunaishi Mombasa. Mama yangu ana umri wa miaka 71, ana shinikizo la damu na magoti yanamsumbua. Nilipougua sana zamani, aliweka nadhiri kwamba nikipona atapanda Kedarnath, hekalu la Bwana Shiva katika milima ya Himalaya huko India, kwa miguu akiwa amefunga. Nilipona, na sasa anataka kuitimiza. Anataka pia tuzuru mahekalu yote manne ya Himalaya, nami nimfanyie marehemu baba shraddha, yaani ibada ya wafu, huko huko. Daktari ana wasiwasi. Je, akibebwa au akipanda helikopta, nadhiri itakuwa imevunjika? Na je, ni lazima tuzuru yote manne?

Jibu: Namaste, ndugu yangu. Nadhiri ya mama yako haivunjiki akibebwa, na ninatanguliza jibu hili ili moyo wake utulie kabla hatujaingia katika maelezo. Katika Vana Parva, kitabu kimojawapo cha utenzi wa Mahabharata, Wapandava, wale ndugu watano, walipokuwa wakielekea Badari katika milima hiyo hiyo, mke wao Draupadi aliishiwa nguvu akaanguka njiani. Bhima, mmoja wa ndugu hao, alimwita mwanawe Ghatotkacha, naye akambeba Draupadi hadi kwenye makao ya wahenga watakatifu Nara na Narayana. Hakuna rishi (mhenga mtakatifu) aliyesema kwamba hija ya Draupadi ilipungua thamani kwa sababu hakuikamilisha kwa miguu yake. Parva hiyo hiyo inafundisha kwamba anayepata tunda la tirtha, yaani la kuzuru mahali patakatifu, ni yule aliyeitawala mikono yake, miguu yake na akili yake, na mama aliyebeba nadhiri kwa miaka mingi bila kuisahau tayari ameonyesha utawala huo.

Kuhusu kufunga, Bhagavad Gita katika sura ya 6 inasema kwamba yoga si ya anayekula kupita kiasi wala si ya asiyekula kabisa, na katika sura ya 17 Bwana Krishna anawakemea wanaoutesa mwili kwa kujinyima kusikoamriwa na maandiko, kwa kuwa wanamtesa Yeye aliye ndani yao. Mgonjwa wa shinikizo la damu akifunga kwenye mwinuko wa mita 3,583, ambako ndiko lilipo hekalu la Kedarnath, anajitia hatarini bila kuongeza ibada. Afunge siku ya ekadashi, yaani siku ya kumi na moja ya nusu ya mwezi, akiwa Haridwar, mji ulio chini ya milima, kabla ya kupanda, ikiwa daktari wake ataridhia. Akishaanza kupanda, ale chakula chepesi cha moto, anywe maji ya kutosha, na asiache dawa hata siku moja.

Kabla ya kuondoka, mwombeni kuhani wenu wa Mombasa amsaidie mama kuifanya upya sankalpa yake, yaani azimio la ibada, akitamka kwamba ataitimiza kwa kadiri ya nguvu alizo nazo sasa. Halafu fikiria jambo hili: uliyeponywa ni wewe. Njia ya miguu kutoka Gaurikund, barabara ya gari inapoishia, hadi Kedarnath ni takriban kilomita 16, ikipanda karibu mita 1,600. Mama apande machela, nawe utembee kando yake njia nzima ukilitaja jina la Shiva, na mkifika uwanja wa hekalu, yeye ashuke azitembee hatua za mwisho mwenyewe. Mimi naona hiyo ni nadhiri iliyotimizwa kikamilifu, na mama na mwana wameitimiza pamoja. Wabebaji wa machela walipwe haki yao yote, wala wasiharakishwe. Mkiamua kutumia nyumbu, mtazameni kwanza mnyama mwenyewe, kwa maana wengi wao hulemewa na kuchoshwa mno katika njia ile, na ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chochote, haikomi mlangoni pa hekalu.

Helikopta si dhambi. Ubaya wake ni kwamba humfikisha mtu juu kwa dakika chache, kabla mwili haujauzoea upungufu wa hewa, na pia husitishwa hali ya hewa inapochafuka. Mkiichagua, mlale kwanza siku mbili Guptkashi, mji ulio njiani, na mkishapata darshani, yaani kumwona Bwana hekaluni, msilale juu. Mama akipata maumivu makali ya kichwa, kutapika au pumzi kumkatika hata akiwa amepumzika, mteremsheni saa hiyo hiyo, hata kama milango ya hekalu inakaribia kufunguliwa.

Si lazima mzuru yote manne. Desturi ya kuanza Yamunotri, kisha Gangotri, Kedarnath na kumalizia Badrinath, yaani kutoka magharibi kwenda mashariki, ni nzuri kwa mwenye nguvu na siku nyingi, lakini si sharti la kukubaliwa kwa ibada. Yamunotri nayo ina mwendo wa kilomita 5 au 6 kwa miguu kutoka Janki Chatti, na sioni sababu ya kuyaongezea magoti yale mzigo huo. Mzuru Kedarnath kwanza, kisha Badrinath, kama ilivyo mazoea ya wanaozuru mawili. Badrinath inafikika kwa gari hadi karibu na hekalu, na ndiyo peke yake iliyomo pia katika dham (makao matakatifu) nne kuu za India nzima, pamoja na Dwarka, Puri na Rameswaram.

Mahekalu haya hufunguliwa Aprili au Mei na kufungwa baada ya Diwali, Badrinath ikiwa ya mwisho mwezi wa Novemba. Epukeni Julai na Agosti kwa sababu ya mvua na maporomoko ya ardhi. Hata Juni ina hatari yake, kwani mafuriko ya Juni 2013 yaliua maelfu ya watu katika bonde la Kedarnath na maeneo jirani. Nawashauri msafiri kuanzia mwishoni mwa Septemba, msongamano unapopungua na anga kutakata. Usajili wa mahujaji ni wa lazima, na kwa kuwa mnatoka Kenya mtahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochanjwa angalau siku 10 kabla ya kuingia India.

Daktari akikataa kabisa mama asifike Kedarnath, tii neno lake. Majira ya baridi sanamu ya msafara ya Bwana Kedarnath hushushwa hadi hekalu la Omkareshwar huko Ukhimath, penye mwinuko wa takriban mita 1,300 tu, na gari hufika. Anayeabudiwa pale ni Kedarnath yule yule, na nadhiri itapokewa.

Shraddha ya baba yako ifanyike Brahma Kapal, kando ya mto Alaknanda hapo Badrinath, baada ya kuoga katika maji ya moto ya Tapt Kund. Siku za Pitru Paksha, yaani wiki mbili za kuwakumbuka wahenga waliofariki, ambazo kwa kawaida huangukia Septemba, ndizo zinazofaa zaidi, ingawa ibada hiyo hufanywa msimu wote. Kuhani atakuuliza gotra (ukoo) yenu na majina ya baba, babu na baba wa babu. Mwulize mama majina hayo sasa, uyaandike, kwa sababu wengi hufika pale wakiwa hawalijui la tatu.