Mkuu, usigundishe hilo bomba kabla hujazima umeme

Mkuu, weka gundi chini kwanza. Nimesoma swali lako mpaka mwisho: umenunua nyumba Columbus, tangi la samaki na matumbawe la galoni 180, la maji ya bahari, litakaa sebuleni, sampu (lile tangi la chini ambamo maji hushuka kuchujwa kabla pampu haijayarudisha juu) na vichujio vyote vitakuwa besimenti, chumba cha chini ya nyumba, na unauliza ununue pampu ipi, taa zipi, na uanze na matumbawe gani. Wakuu wengine hapo juu wameshaanza kukujibu. Lakini hakuna hata mmoja aliyeigusa ile sentensi yako ya katikati, kwamba fundi amekushauri mdomo wa bomba la kurudisha maji uuzamishe mpaka karibu na mchanga ili kusiwe na kelele, halafu kule chini ufunge nonriteni, ile vali ya kuzuia maji yasirudi, na kazi imekwisha.

Kazi haijaisha. Mimi hapa Minnesota nilifungiwa vivyo hivyo, na fundi aliyelipwa, na kilichofuata sitaki kikupate wewe wala mtu mwingine anayesoma uzi huu.

Elewa kwanza kinachotokea umeme ukikatika. Pampu inasimama. Bomba la kurudisha limejaa maji, mdomo wake wa juu umezama ndani ya tangi sebuleni, na mwisho wake wa chini uko kwenye sampu, zaidi ya mita tatu chini. Kama umewahi kumwona utingo akinyonya dizeli kwa mpira kutoka kwenye tangi la lori, basi unajua kilichobaki. Hapo hata wa kunyonya hahitajiki, kwa sababu mpira umeshajaa. Maji yatashuka yenyewe na hayatasimama mpaka mdomo wa juu uvute hewa. Kwa hiyo kina ulichouzamisha huo mdomo ndicho kiasi cha maji utakachokikuta besimenti.

Sasa piga hesabu. Tangi lako kwa vipimo ulivyoweka ni sentimita 183 kwa 61. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata kwamba kila sentimita moja ya kina ni lita 11 na kidogo. Toa kiasi kwa ajili ya mawe ukitaka, haitabadilisha jambo. Langu ni tangi la ukubwa huo huo, na mdomo ulikuwa umezama sentimita 15 tu. Hizo ni lita 167. Ongeza yale yaliyokuwa njiani kwenye mabomba na kwenye kisanduku cha kufurikia, kile kinachopokea maji ya juu yanayoshuka, unakaribia lita 190. Sampu yangu ilikuwa inabeba lita 210 ikijaa mpaka ukingoni, na ilikuwa inafanya kazi ikiwa na lita 150. Nafasi iliyobaki ni lita 60. Lita 130 za maji ya bahari zikaenda sakafuni.

Kwa mchoro wako, mdomo uko sentimita 50 chini ya uso wa maji. Hizo ni lita zaidi ya 550, na sampu uliyoandika ni ya galoni 60, yaani lita 227 ikiwa tupu kabisa. Hakuna hesabu inayokuokoa hapo.

Najua utasema nonriteni ipo. Na mimi niliambiwa hivyo na muuzaji, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba hiyo vali ndiyo ulinzi wa nyumba. Vali hiyo inafanya kazi vizuri sana siku ya kwanza. Lakini tangi la matumbawe lina uhai unaojenga kwa chokaa, hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo sababu tunalipenda. Mwani wa chokaa, ule wa rangi ya zambarau, haubagui kati ya jiwe na plastiki. Kuna minyoo inayojijengea vijumba vigumu ndani ya mabomba mahali pasipofika mwanga. Kuna konokono wadogo kuliko punje ya dengu ambao hutambaa popote. Mlango wa vali hauhitaji kuvunjika. Punje moja ya mchanga ikikaa ukingoni, mlango haufungi sawasawa, na juu yake kuna mita tatu na zaidi za maji zinazosukuma chini. Kinachovuja kidogo kidogo kwa saa nzima usiku ukiwa umelala hufika kule kule. Yangu, tulipoifungua, ilikuwa imeshikwa na kijumba cha mnyoo kwenye bawaba. Ndicho tu.

Umeme ulikatika usiku wa dhoruba ya barafu. Sikusikia chochote, kwa sababu umeme ukikatika tangi hunyamaza. Niliposhuka, zulia lilikuwa linaelea, na waya wa kugawia umeme, ule wenye matundu mengi, ulikuwa sakafuni ndani ya maji. Hapa nakusimamisha kwa nguvu zote: kwenye nyumba nyingi za Marekani lile sanduku la swichi kuu liko besimenti. Kwa hiyo unatakiwa uzime umeme, na njia ya kuufikia ni kupita ndani ya maji ya chumvi, ambayo yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba. Usipite. Panda juu, piga simu kwa kampuni ya umeme au kwa fundi umeme, ngoja. Na kabla hujafika huko, soketi zote za tangi ziwe na ile swichi ya usalama inayokata umeme yenyewe ukianza kuvuja, zifungwe ukutani juu ya kiuno, na kila waya ushuke kwanza chini ya soketi ndipo upande, ili tone likiufuata lianguke sakafuni lisiingie ndani.

Hasara ya nyumba ilikuwa zulia, ubao wa ukuta kukatwa chini pande zote, na miguu ya mashine ya kupasha joto nyumba ambayo chumvi iliendelea kuila hata baada ya kukauka. Sakafu ya zege iliyolowa maji ya bahari lazima isuuzwe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tena na tena, la sivyo chumvi inabaki ndani na kuvuta unyevu. Kampuni ya bima ilisema tangi la samaki si sehemu ya mabomba ya nyumba. Sera yako inaweza kuwa tofauti, basi uliza sasa, na jibu uliombe kwa maandishi.

Lakini hiyo ni nyumba. Matumbawe yalikufa baadaye, umeme uliporudi, na hili ndilo ambalo watu hawalisemi.

Umeme uliporudi, pampu iliwaka yenyewe ikaanza kupandisha maji juu. Sampu sasa ilikuwa pungufu lita 130, zile zilizokuwa kwenye zulia. Kile kifaa cha kujazia maji kiotomatiki, ambacho kazi yake ni kufidia maji yanayopotea kwa mvuke, kiliona kina kimeshuka. Kifaa hakijui kama maji yamepaa au yamemwagika. Maji yakipaa huacha chumvi yake ndani, kwa hiyo kujaza maji baridi ni sawa. Maji yakimwagika huondoka na chumvi yake. Fundi wangu alikuwa amekiunganisha kifaa hicho moja kwa moja na mtambo wa kusafisha maji wa galoni 75 kwa siku, bila pipa katikati, ili nisisumbuke kubeba ndoo. Kufika jioni kilikuwa kimemimina lita 130 za maji yasiyo na chembe ya chumvi. Chumvi ilishuka kutoka 35 kwa elfu mpaka kama 29, na mimi niko chini nafyonza zulia, nikidhani huko juu mambo ni shwari kwa sababu samaki wanaogelea.

Samaki wengi huvumilia hilo. Matumbawe mengi hayavumilii. Anayeujua mwambao wa Kenya anajua kwamba ukuta wa matumbawe unaofuata pwani hukatika pale Sabaki na Tana zinapomwaga maji. Maji baridi na tope, matumbawe hayajengi hapo. Kwenye tangi langu Acropora, yale matumbawe magumu yenye matawi, zilimenyeka nyama zikabaki mifupa mieupe. Xenia, ambayo ni matumbawe laini, zikayeyuka. Kamba wasafishaji walikufa, na kiti cha pweza aliyekuwa akitambaa kwenye kioo kila asubuhi akaanza kukatika mikono. Hivyo ni viumbe hai, mkuu. Vingine nilivilea kutoka kipande cha ukubwa wa ukucha. Ninaposoma mtu anaandika "ukifunga nonriteni umemaliza" naona vile vioo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: umeme ukizimwa, maji yote yanayoweza kushuka lazima yatoshe ndani ya sampu, nonriteni ikiwa haipo kabisa. Fanya mahesabu kana kwamba hiyo vali haijavumbuliwa. Ukishafaulu bila hiyo, ifunge ukipenda, ila weka na viungio vya kufungulia pande zote mbili ili uweze kuitoa na kuiloweka kwenye siki. Mimi sikuirudisha tena.

Namna ya kufaulu ni hii. Mdomo wa bomba la kurudisha uwe sentimita mbili au tatu tu chini ya uso wa maji, ili ukivuta hewa mapema mnyonyo ukatike. Kelele aliyokuonya fundi wako ni ndogo, na hutulia ukiuelekeza mdomo vizuri. Wengine watakuambia toboa kitundu kidogo kwenye bomba karibu na uso wa maji kivute hewa. Kitoboe, lakini usikitegemee, kwa sababu kitundu nacho huzibwa na mwani na konokono kama vali. Sampu iwe kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Besimenti nafasi unayo, sakafu ni zege, hakuna sababu ya kubana huko. Halafu jaza mfumo mzima maji ya bomba, kabla ya chumvi, kabla ya mawe, kabla ya kiumbe chochote. Washa, acha utulie, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye sampu. Kisha chomoa waya wa pampu ukutani na usimame hapo mpaka tone la mwisho. Chora mstari wa pili. Kati ya mstari huo na ukingo wa sampu bado kuwe na upana wa kiganja. Kama hakuna, unapunguza maji ya kufanyia kazi, au unapandisha mdomo, au unabadilisha sampu. Rudia jaribio hilo kila ukigusa chochote: ukibadilisha pampu, ukiongeza mwelekezo wa mdomo, hata ukisogeza skima, kile kichujio cha povu.

Na usimwache mtu akuambie amefunga mifumo mingi na haijawahi kumwagika. Mwombe achomoe waya mbele yako. Fundi wangu alikaa kwetu mchana mzima akipangusa mabomba yang'ae, akapiga picha, akaondoka. Kuchomoa waya kungemchukua dakika tano. Nilipompigia simu aliniambia vali zikiharibika ni bahati mbaya. Bahati mbaya ni umeme kukatika. Maji kushuka baada ya hapo ni jambo linalojulikana, na mtu anayelipwa kwa kazi ya maji anatakiwa alijue.

Upande wa pili wa kanuni hiyo hiyo, kwa ufupi: bomba la kushusha maji likiziba, pampu itaendelea kupandisha mpaka maji ya chumba chake yaishe. Hicho chumba cha pampu kwenye sampu kiwe kidogo kiasi kwamba maji yake yote yakipanda, tangi la juu linayabeba bila kufurika sebuleni. Na mabomba ya kushusha yawe angalau mawili: moja linalojaa maji tupu na kudhibitiwa kwa koki ya kuzungusha, iliyofungwa chini karibu na sampu kwa kuwa una mteremko mrefu, na la pili la dharura lisilo na koki wala kizuizi chochote. Ukiweka koki kwenye la dharura, siku moja mgeni ataifunga.

Kifaa cha kujazia maji: kipe pipa lake dogo, lijazwe kwa mkono. Lita 20 zikimwagika zote kwenye mfumo kama wako chumvi haitatikisika sana. Mtambo uliounganishwa moja kwa moja hauna kikomo.

Pampu: usisome namba kubwa kwenye boksi, soma jedwali la kimo cha kupandisha maji, kwenye mita 3.5 au 4 kwa kuhesabu na viwiko vya bomba. Unahitaji mara tatu hadi tano ya ujazo wa tangi kwa saa, basi. Mawimbi ya ndani yatatoka kwenye pampu za tangini. Na lile tangi likijaa maji, mawe na meza yake linakaribia tani moja, kwa hiyo liweke kando ya ukuta wa msingi, likikatiza mbao za sakafu, lisilale sambamba nazo.

Taa na matumbawe sijakujibu, najua, na ile Kenya tree uliyoitaja, aina ya matumbawe laini, ni chaguo zuri, huvumilia mengi. Ila sitakushauri ununue kiumbe hata kimoja kwa sasa. Fanya jaribio la kuchomoa waya, kisha rudi hapa uweke namba tatu: mdomo umezama sentimita ngapi, sampu ilikuwa na lita ngapi kabla, na ilifika wapi baada ya tone la mwisho. Weka na picha ya mistari yote miwili ya kalamu. Mimi huwa napita jukwaani usiku baada ya zamu, nitaziangalia.