Simu inazima na chaji ipo nikiwa Kitulo, na jioni nataka kurekodi bendi
Mkuu, kuzima na asilimia 30 ukiwa Kitulo, ile hifadhi ya milimani nyanda za juu kusini, haimaanishi simu mbovu, ni baridi tu, kule ni kama mita 2,600 na betri ya lithiamu ikipoa inashindwa kutoa umeme wa kutosha hata kama chaji ipo. Iweke mfuko wa ndani wa koti, usiku lala nayo pamoja na pawabenki, na mtandao ukiyumba weka hali ya ndege (airplane mode) manake kutafuta mnara ndo kunakula chaji, ramani pakua ukiwa bado Mbeya mjini. Kwenye bendi usisimame mbele ya spika, sauti itakuja imepasuka, sogea nyuma karibu na fundi mitambo, rekodi wimbo mmoja halafu cheza bana, video ya masaa mawili nani ataiangalia?