Kisiwa cha mvua kisicho na mto

Swali lenu la wiki hii, "Ulipokwenda mbali na nyumbani, ni jambo gani ulilikuta huko ambalo hakuna aliyekuambia kabla hujaondoka?", nimelisoma nikiwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, nikacheka peke yangu. Mteja akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia nimekumbuka kopo.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Ngamiani, Tanga. Mbali nilikokwenda ni Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, Agosti 2019, na nilikwenda kwenye harusi. Wifi yangu ameolewa huko miaka mingi, na mwaka ule binti wa shemeji yake alikuwa anafanyiwa ada, ile harusi kubwa ya Wangazija ambayo mtu huiwekea akiba mpaka mvi zikamtoka. Wifi akanipigia simu akasema, "Njoo, na sindano yako uje nayo." Nikajua sikualikwa kula tu.

Kabla ya safari kila mtu alikuwa na lake la kuniambia. Mume wangu aliniogopesha na volkano. Jirani alinisimulia dhahabu za maharusi wa kule. Kijana anayenisaidia dukani alishinda kwenye simu akisoma habari za watalii, akaniandikia karatasi nzima: panda mlima Karthala, kula kambakoche aliyepikwa kwa vanila, nenda kaskazini ukaone Ziwa la Chumvi. Na wote walikubaliana kwa neno moja, kwamba ni mbali. Basi kutoka Tanga mpaka Dar, kwa njia ya Segera na Chalinze, lilitula saa sita na ushee. Ndege kutoka Dar mpaka Hahaya, kwenye uwanja wao, ilichukua saa moja na kidogo. Sasa hapo mbali ni wapi?

Sanduku langu halikushuka. Nguo za harusi nilizoshona mwezi mzima na magauni yangu mwenyewe yalibaki Dar. Kampuni ya ndege siitaji, waliomba radhi na mzigo waliuleta siku ya nne. Ila siku tatu hizo nilikuwa na gauni moja tu, lile nililosafiri nalo toka Tanga, na gauni la namna hiyo hufuliwa kila usiku.

Kijiji tulichofikia kiko upande wa kusini-magharibi, si mbali na Singani. Njiani nilichoka kushangaa weusi wa mawe. Sisi wa Tanga tumezoea matumbawe na chokaa, ukuta ukibomoka unaona weupe. Kule ukuta mweusi, ufuo mweusi, na jiwe lenyewe limejaa vitundu kama andazi lililozidi hamira. Singani nilionyeshwa mahali ambapo mwaka 1977 mlima ulipasuka ubavuni, lava ikashuka ikapita katikati ya kijiji, ikameza nyumba za watu.

Usiku ule wa kwanza niliomba maji ya kuoga. Msichana wa pale nyumbani akaniletea ndoo, haikufika nusu, na kopo la maziwa lililotobolewa na kutiwa kishikio cha waya. Nikaoga kwa mtindo wa Ngamiani, yaani nikayamaliza. Nikaomba ndoo ya pili nifue gauni. Akaleta. Nikaomba ya tatu nisuuzie. Akasita kidogo, akaleta. Nikafua, nikasuuza, nikakamua, maji ya povu nikayamwaga mlangoni, shwaa, kama tufanyavyo huku kuua vumbi. Mama mkwe wa wifi yangu alikuwa amekaa kibarazani. Hakusema neno.

Asubuhi akaniita nyuma ya nyumba. Bibi huyu ujana wake aliuishi Unguja, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha zamani, kinatoka taratibu. Nyuma pale kuna birika la saruji, refu kunipita kifua, limeungana na ukuta. Bati la paa linamwaga maji kwenye mfereji wa bati, mfereji unaingia birikani, na mdomoni pamefungwa kitambaa cheupe cha kuchujia. Juu kuna mfuniko una kufuli. Bibi akatoa ufunguo kwenye pindo la leso, akafungua, akachomeka ufito mrefu uliofungwa nyuzi nyekundu mahali patatu. Akautoa ukiwa umelowa, akanionyesha.

"Uzi huu wa juu, ndipo yalipokuwa maji Ramadhani ilipokwisha. Huu wa kati ni leo. Huu wa chini, mwanangu, tukifika hapo tunanunua ya gari."

Kati ya uzi wa kati na wa chini palienea kiganja na nusu. Nilitamani ardhi ipasuke, halafu nikakumbuka ardhi yenyewe ni ya Ngazija, nikaacha kutamani.

Hilo ndilo hakuna aliyeniambia. Kisiwa kizima, chenye msitu mzito mlimani na mvua ya kumwagika ikifika wakati wake, hakina mto hata mmoja. Ngazija ndicho kichanga kati ya visiwa vinne. Mawe yake bado mapya, yana nyufa na vitundu, mvua ikinyesha inapenya moja kwa moja mpaka chini kabisa, ikatokee pwani huko imeshachanganyika na chumvi. Visima vya karibu na bahari maji yake ni ya magadi. Moroni mjini wanapampu kutoka chini ya ardhi, lakini vijijini wengi wanaishi kwa kukinga. Nzwani, Mwali na Maore ni visiwa vikongwe zaidi, mawe yake yameoza yakawa udongo unaoshika maji, na mito ipo, ingawa Nzwani mingi imekauka kwa kukata misitu. Kule mvua za maana huanza Novemba hivi mpaka Aprili. Mimi nilikwenda Agosti, kiangazi katikati, kwa sababu ndio msimu wa harusi, ndugu walioko Ufaransa wakiwa likizo. Kwa hiyo kisiwa huwa na wageni wengi kupita wakati wowote hapo hapo mabirika yanapokaribia kukauka. Nani alipanga kalenda hii, sijui, lakini hakuwa mchota maji.

Mwaka ule kulikuwa na la ziada. Mwezi wa Aprili kimbunga Kenneth kilikuwa kimepita karibu sana, kaskazini mwa kisiwa, kikalaza migomba na kung'oa mabati. Huku kwetu bati likiezuliwa unawaza kulowa. Kule wanawaza birika, maana paa ndilo shamba la maji. Nyumba ya jirani ilikaa wiki kadhaa haina upande mmoja wa paa, na mvua za mwishomwisho zikanyesha zikapotea hivi hivi mawe yakizinywa.

Bibi alinisimulia pia ya Novemba 2005. Karthala ilitoa majivu yakanyesha kama mvua, mchana ukawa magharibi, na majivu yale yakaingia mabirikani sehemu kubwa ya kisiwa. Maji yakawa uji wa kijivu, hayanyweki. Yeye aliwahi kutandika magunia na mashuka juu ya mdomo wa birika lake, akaziba mfereji kwa matambara, ndiyo yakapona kiasi. Mashuka yenyewe, anasema, yalikuwa ya harusi yake. Nilimuuliza kama alihofia lava. Akanitazama kama nimeuliza la kitoto. Lava inaonekana inakuja, unaondoka, akasema, ila majivu yanakufuata mpaka ndani ya kopo.

Toka siku ile nilifua gauni langu kwa makopo manne. Inawezekana, jamani. Unalowesha, unasugua sabuni ya kipande, unasuuza mara moja kwenye beseni, na maji yale ya kusuuzia yanaoshea miguu, kisha yanakwenda kwenye mgomba. Ya kuoshea mchele nayo yana kazi yake. Nimeona mtoto wa miaka sita akinawa uso kwa maji ya kiganja kimoja, macho, pua, masikio, akabakisha ya kuloweshea nywele.

Lugha ilinichekesha. Kingazija na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, lakini ndugu hawa hukorofishana. Nimegawa biskuti kwa watoto, wote wakaniambia "marahaba!" Nikageuka kutazama nani kaniamkia. Kumbe ndiyo asante yao. Kisha wakubwa huamkiwa "kwezi", na jibu lake ni "mbona". Nilijitahidi nikamwamkia mzee mmoja vizuri tu, akanijibu "mbona", na mimi nikasimama pale nikisubiri amalizie: mbona nini?

Nguo zilipofika nikawapeleka mbio wasichana kupima, na ada ikaendelea. Nisiisimulie yote, hapa hapatoshi. Dhahabu nilizoona kwa macho yangu, wazee wa bangwe, ule uwanja wao wa baraza, na majoho yao, twarabu mpaka alfajiri. Nitasema moja tu. Kwao nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti, mume ndiye anayehamia. Basi siku ya kuonyeshwa nyumba, mama watatu wa makamo wamejipamba, nyuso zimepakwa msandali, wakapita sebuleni upesi, kabati la vyombo upesi, kitanda cha maharusi wakakitupia jicho tu. Wakatokea nyuma. Huko ndiko walikokaa. Mmoja akagonga ukuta wa birika jipya kwa kidole chenye pete, ko, ko, ko, akianzia juu kushuka, mpaka mlio ukabadilika ukawa mzito. Akawaangalia wenzake. Wakatikisa kichwa kuridhika, na vigelegele vikapigwa. Baba wa bibi harusi, aliyekuwa kajifanya hatazami, akashusha pumzi.

Mlima sikupanda, na kijana wa dukani hajanisamehe. Una mita 2,361, wengi hulala njiani, na hakuna chemchemi ya kukuokoa. Kila tone unalobeba ni mgongo wako. Mpwa wa wifi alikwenda na wenzake, akarudi viatu vimekuwa vyeupe kwa vumbi, anasema pale juu ni shimo kubwa kama limechimbwa kujengwa mji, kisha akalala tangu adhuhuri mpaka magharibi. Kwenye ndege ya kurudi nilikaa jirani na watalii wawili, mke na mume, waliofika kileleni. Walinionyesha picha nzuri sana. Halafu wakalalamika kwamba hotelini bomba la kuogea lilikuwa linadondosha tu. Niliwasikiliza kwa adabu. Moyoni nilikuwa nawamwagia maji mlangoni.

Jambo lililonipa furaha ya pekee ni dogo. Nilikuwa dukani nalipa kwa noti ya faranga 1,000, nikaona juu yake samaki mnene, mapezi kama viguu. Nikasema, "Huyu silikanti!" Mwenye duka akasema hapana, gombesa. Nikamwambia huyu tunaye Tanga. Alinikazia macho utadhani nimedai Karthala ni yetu. Lakini ni kweli. Samaki huyu wataalamu waliamini ametoweka enzi za mijusi wakubwa, akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, wa pili akapatikana Nzwani mwaka 1952, na wavuvi wa Ngazija na Nzwani walikuwa wanamjua kwa jina toka zamani. Sisi Tanga alianza kunaswa kwenye majarife mwaka 2004. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi, na nakumbuka siku aliyorudi akisema wenzake wamepata samaki hawajui hata wamwite nani. Mwaka 2009 ikawekwa hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo. Mwenye duka akanieleza kwamba kwao mchana gombesa hujificha kwenye mapango ya lava, chini sana, mita 200 hivi. Nikawaza, jiwe lile lile linalowanyima watu maji ndilo linalompa samaki nyumba.

Niliporudi, Tanga maji yanatoka bombani kutoka bwawa la Mabayani, mto Zigi unatiririka hapo Amboni bila kuombwa. Wiki ya kwanza mume wangu alinikuta nimesimama na beseni la maji ya kusuuzia, sijui nilipeleke wapi. Hatuna mgomba. Akaniuliza unangoja nini. Nikapanda.

Bibi bado yu hai, namshukuru Mungu, na huwa tunatumiana ujumbe wa sauti kwa simu ya wifi. Hata salamu hazijaisha ataniuliza kama huku imenyesha. Masika haya, usiku mmoja mvua iliporomoka Ngamiani mpaka hatusikilizani, nikatoa simu nikarekodi ule mshindo wa bati, dakika nzima, nikamtumia bila kusema kitu. Jibu lilikuja alfajiri, sauti yake mwenyewe, neno moja.

"Kinga."