Pweza wa It Came from Beneath the Sea ana minyiri sita

Sita, wala hukukosea kuhesabu. Filamu ni ya 1955, na bajeti ilikuwa finyu mno, basi Ray Harryhausen, fundi wa athari maalumu wa filamu hiyo, akampunguzia pweza wake wa sanamu minyiri miwili. Alikuwa akimsogeza kwa mkono, kidogo kidogo, picha moja baada ya nyingine, na sekunde moja tu ya filamu hula picha 24. Kila mnyiri unaopungua ni siku za kazi zilizookolewa. Mwenyewe alilieleza hili waziwazi kwenye mahojiano miaka ya baadaye. Ila usitegemee kuiona sita yote kwa pamoja: mara nyingi mwili umezama majini, na hapo ndipo ufundi wake ulipo. Pweza anapolikumbatia daraja la Golden Gate la San Francisco, mimi husahau kabisa kuhesabu.